Una neno na chuo? Namna ya kuitumia ofisi ya ombudsmani

Alikuja saa nane mchana, jua la Februari limewaka hata paka wa kantini wamejilaza chini ya meza. Bahasha ya kaki kwapani, mwaka wa nne, na maksi za somo moja hazionekani. Orodha ya watakaohitimu ilikuwa ifungwe baada ya siku tisa. Kwa wiki sita alikuwa amezungushwa kama pia: mhadhiri alimwambia nenda kwa karani wa idara, karani akamwambia nenda kwa afisa wa mitihani, afisa akamrudisha kwa mhadhiri. Akachoka. Akaandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa kwamba fulani "anakalia maksi za watu". Ujumbe ukapigwa picha, na kabla ya adhuhuri ulikuwa kwenye simu ya fulani mwenyewe. Hapo ndipo mtu alipomwambia kuna mlango wa kijani, ghorofa ya kwanza, upande wa maktaba.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayerudisha maksi."

Sijawahi kurudisha maksi ya mtu. Nilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya namna hiyo, ya ombudsmani, yaani anayepokea malalamiko ya watu wa chuo, katika chuo kimoja hapa Mombasa, na nusu ya kazi ilikuwa kumweleza mtu ameubisha mlango gani. Nusu nyingine ilitegemea amekuja lini, na amekuja na nini mkononi. Mwongozo huu ni wa hiyo nusu ya pili. Visa nilivyovitia humu nimevigeuzageuza ili mwenyewe asijulikane hata na jirani yake wa kitanda.

Kabla ya yote: uliza ni ofisi ya aina gani

Neno ombudsmani ni la Kiswidi. Mwaka 1809 Uswidi iliweka afisa wa bunge wa kupokea malalamiko ya raia dhidi ya watumishi wa serikali, na mtindo huo ukasambaa duniani. Barani Afrika Tanzania ndiyo iliyotangulia, kwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Kenya tulingoja Katiba ya 2010, na sheria ya mwaka 2011 ikaunda Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman tu na ambayo mabango yake husema "Hata mnyonge ana haki". Vyuoni fikra hii ilishika Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1960, enzi za maandamano ya wanafunzi: Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada mwaka 1965, na Michigan State nchini Marekani mwaka 1967.

Historia hiyo si pambo. Imetuachia ofisi za aina mbili zenye jina moja, na mwanafunzi asiyejua tofauti huumia.

Aina ya kwanza huchunguza. Hupokea lalamiko lako kwa maandishi, hulipatia nambari, humwandikia mhusika na kumtaka ajibu, kisha hutoa mapendekezo. Aina ya pili husikiliza na kusuluhisha. Haifungui faili kwa jina lako, haichunguzi, na haimwambii mtu kwamba ulifika mpaka uipe ruhusa. Hii ya pili husimama juu ya mambo manne: inajitegemea, haiegemei upande, inatunza siri, na haina urasmi. Sasa, vyuo vya umma vya Kenya vina wajibu wa kushughulikia malalamiko na kuripoti kwa Tume, kwa hivyo kila kimoja kinatakiwa kuwa na dawati la malalamiko na rejista yake. Pengine dawati hilo na ombudsmani ni vyumba viwili. Pengine ni mtu mmoja mwenye kofia mbili, na hajakwambia leo amevaa ipi.

Kwa hivyo swali lako la kwanza, hata kabla hujakaa kitini, liwe hili: "Nikikueleza, unaandika wapi, na nani atasoma?" Usione haya kuliuliza. Mwenye kuijua kazi yake atalijibu kwa sentensi mbili. Akianza kuzungukazunguka, mweleze jambo lako kwa juujuu tu, bila majina, mpaka uelewe.

Aina zote mbili zina mipaka ileile: hazitoi hukumu, hazibadilishi alama, hazimfukuzi mtu kazi, na ombudsmani si wakili wako. Watu wetu hufananisha na mzee wa barazani, na kidogo wamepata. Lakini mzee wa barazani ana lake la kusema, naye mara nyingi atakwambia samehe, huyo ni mkubwa wako. Ombudsmani hana ruhusa ya kukwambia usamehe.

Hatua ya kwanza: pima kama jambo lako ni la mlango huu

Yanayoingia ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Maksi zilizopotea ndizo zinazoongoza. Kisha msimamizi wa tasnifu asiyejibu barua pepe tangu Ramadhani hadi Krismasi. Karo iliyolipwa benki lakini taarifa ya karo inaonyesha deni. Mtihani uliowekwa saa saba Ijumaa, watu wako msikitini, au Jumamosi kwa Msabato. Chumba kimoja cha hosteli kilichogawiwa watu wawili wasiojuana. Na si wanafunzi peke yao: wahadhiri wawili wa idara moja wasioongea ila kwa barua, karani anayenyimwa likizo yake mwaka wa pili. Wafanyakazi ndio waliokuwa wakikaa muda mrefu kitini, na ndio waliokuwa wakichungulia ukumbini kabla ya kutoka.

Yapo yasiyofaa kuanzia hapa. Aliyebakwa aanzie hospitali, haraka iwezekanavyo na ndani ya saa 72, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zikichelewa zaidi ya hapo hazimfai tena. Asioge kwanza, na nguo alizovaa azitie kwenye bahasha ya karatasi. Hapa mjini Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo maalum cha waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na simu 1195 hupigwa bila malipo. Kisha polisi. Mtu akikwambia mkae chini na aliyekubaka muyamalize kimyakimya, mkimbie, hata akiwa na cheo gani. Vivyo hivyo anayetaka pesa au mwili wako ili akupe alama: hilo ni kosa la jinai, halisuluhishwi. Unaweza kumwendea ombudsmani akuonyeshe milango ya kushtakia na kukaa nawe huku ukikusanya nguvu, lakini asiwe ndiye mwisho wa safari. Na jambo likishafika mahakamani, liache huko.

Katikati kuna eneo la ukungu. "Mhadhiri amenipa C na mimi nastahili A." Ombudsmani hawezi kusema insha yako ni ya A, hata kama alisoma fani hiyohiyo. Anachoweza ni kuuliza kama jumla ya alama ilijumlishwa sawa, kama kazi za darasani ziliingizwa, na kama ombi lako la kusahihishiwa upya lilipokelewa ndani ya muda uliowekwa na kanuni. Nimeona C ikawa B kwa sababu mtu alisahau kujumlisha swali la nne. Sijaona C ikawa A kwa sababu mtu alilia.

Hatua ya pili: karatasi moja

Hapa ndipo nitakapokawia, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi hufaulu au huharibika.

Chukua karatasi moja. Si daftari, si ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Upande wa kwanza andika yaliyotokea kwa tarehe, moja baada ya jingine. Upande wa pili andika unachotaka, kwa sentensi moja au mbili. Kama unachotaka hakiingii katika sentensi mbili, bado hujakijua.

Yule binti wa bahasha ya kaki nilimpa karatasi na kalamu akaandika hivi: "Huyu mwalimu ananichukia tangu mwaka wa pili na kila mtu anajua tabia zake na mimi ni yatima." Yote huenda yalikuwa kweli. Hakuna hata moja ninaloweza kwenda nalo kwa mtu. Nikamuuliza alifanya mtihani siku gani. Akafikiri. Jumatatu, tarehe 3. Ukumbi gani? Ule wa juu, karibu na ngazi. Ulitia sahihi karatasi ya mahudhurio? Ndiyo, tena nakumbuka nilikuwa wa 41, kwa sababu aliyenitangulia alisema yeye ni arubaini na tukacheka. Nani aliyekusanya vijitabu vya majibu? Msimamizi mmoja mrefu, si mhadhiri wetu.

Tukaandika upya: "Tarehe 3 nilifanya mtihani katika ukumbi wa juu. Nilitia sahihi mahudhurio, nambari 41. Kijitabu changu kilikusanywa na msimamizi wa ukumbi. Tarehe 17 potali ya wanafunzi haikuonyesha maksi. Nimekwenda kwa mhadhiri mara tatu, kwa karani mara mbili, kwa afisa wa mitihani mara moja. Ninaomba kijitabu kitafutwe na maksi ziingizwe kabla ya orodha ya kuhitimu kufungwa."

Angalia kilichotokea. Mhadhiri ametoka kwenye kiti cha mshtakiwa. Anayetafutwa sasa ni kijitabu, na kijitabu hakina hasira wala heshima ya kulinda. Karatasi ya mahudhurio ya mtihani ndiyo shahidi mkubwa wa kesi za maksi, kwa sababu inasema ulikuwepo. Baada ya hapo mzigo wa kueleza karatasi yako imekwenda wapi si wako tena. Wanafunzi wengi hutia sahihi bila kuangalia nambari. Iangalie. Ikiwezekana iandike nyuma ya kadi ya mtihani.

Ambatanisha nakala, si asili: risiti za benki, barua pepe, kadi ya mtihani, picha ya potali yenye tarehe. Asili zibaki kwako. Nilishuhudia mtu akikabidhi risiti pekee ya karo aliyokuwa nayo kwenye meza ya karani, na feni ikafanya ilivyofanya.

Kuna barua moja fupi ambayo inafaa kuiandika mapema, kabla hata ya kuja kwetu. Ibara ya 47 ya Katiba inasema mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au huenda ikaathiriwa, na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 imeeleza namna. Ukinyimwa chumba, ukisimamishwa, ukikataliwa kusajili somo, andika mistari mitatu: uamuzi gani, wa tarehe gani, naomba sababu kwa maandishi. Mara kadhaa barua hiyo peke yake imemaliza maneno, kwa kuwa aliyekataa alipoketi kuandika sababu aliona hana.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza

Nenda mwenyewe, kwa miguu yako. Usimwage kisa chako kwenye barua pepe ya chuo, maana barua pepe huhifadhiwa, na siri iliyohifadhiwa kwenye mtambo wa chuo si siri ya ombudsmani tena. Ujumbe wa kuomba miadi uwe mfupi: jina, nambari ya simu, "naomba kukuona". Basi.

Nenda mapema. Nalisema hili nikijua kwamba kwetu Pwani mtu huvumilia mpaka jambo limeoza, kisha siku moja hulipuka mbele ya watu. Wiki mbili baada ya potali kunyamaza, jambo ni la karatasi iliyopotea. Wiki sita baadaye, na ujumbe wa WhatsApp juu yake, jambo ni la heshima ya mtu mzima mbele ya darasa, na heshima haitafutwi kwenye kabati.

Ukishakaa utaelezwa mipaka ya siri. Kwa kawaida kuna mlango mmoja ulioachwa wazi: ikiwa kuna hatari ya karibu ya mtu kujidhuru au kumdhuru mwingine, siri huvunjwa. Sikiliza na uulize mpaka uelewe. Kisha eleza. Utaulizwa maswali ambayo yatakukera, kama vile upande wa pili ungesemaje ungekuwa hapa. Usidhani umegeuziwa kibao. Kutoegemea upande ndiko huko.

Mzazi akitaka kuja, aje, lakini ajue atakalia benchi la nje mpaka mwanawe aseme aingie. Nilikuwa na mama mmoja aliyevuka feri kutoka Likoni tangu alfajiri, na vitumbua kwenye kontena, akitaka nimwambie kijana wake ana shida gani na chuo. Kijana ana miaka 21. Nilimkaribisha, nikampa maji, tukaongea habari za foleni ya feri. Sikumwambia kitu. Alikasirika nami, na nilimwelewa.

Hatua ya nne: chagua njia, usichaguliwe

Mwisho wa mazungumzo ya kwanza utaonyeshwa njia kadhaa, na wewe ndiye wa kuchagua. Pengine unahitaji kusikilizwa tu na kujua kanuni inasemaje, kisha uende ukaongee mwenyewe. Pengine mtaandika barua pamoja. Pengine ombudsmani apige simu moja kwa afisa wa mitihani bila kutaja jina. Au ende huku na kurudi kule kati yenu. Au muwekwe meza moja.

Njia ya kwenda na kurudi ndiyo niliyoipenda zaidi, na nitaeleza kwa kisa cha feni.

Chumba cha hosteli, wasichana wawili. Wa kitanda cha dirishani anataka feni iwake usiku kucha. Ni Machi, na mwenye kuijua Mombasa ya Machi haulizi kwa nini. Wa kitanda cha mlangoni ana pumu, asema upepo wa feni unampiga kifuani na vumbi lake linamkaba. Wameshazimiana swichi, wameshafungiana mlango, wa dirishani ameshamwaga maji kwenye kandambili za mwenzake akasema ni bahati mbaya. Msimamizi wa hosteli aliwapa ratiba: feni saa tano hadi saa nane za usiku. Ratiba ilidumu siku mbili.

Nikamwona kila mmoja peke yake. Wa dirishani, mara ya pili tulipokutana, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Tatizo si feni, bi. Ni yule binamu yake." Kumbe wa mlangoni alikuwa akimlaza binamu yake chumbani tangu muhula uanze, kwa godoro la sakafuni, kwa sababu binamu hakupata chumba na kodi za nje zimemshinda. Watatu katika chumba cha wawili, jiko dogo la gesi, sufuria, harufu ya samaki wa kukaanga, choo cha kupanga foleni. Wa dirishani hakutaka kusema kwa sababu kulaza mgeni ni kosa la kufukuziwa hosteli, naye hakutaka kuwa ndiye aliyemfukuzisha mtu. Kwa hivyo akapigana na feni.

Kama angekwenda kwa msimamizi na kulalamika rasmi, wawili wangetoka na mmoja angebaki na chumba na lawama. Kwa kuwa mlango wetu haukuwa na faili, nilirudi kwa wa mlangoni nikiwa na ruhusa ya kusema jambo moja tu: kwamba mwenzake anaona chumba kimejaa. Sikutaja binamu. Yeye ndiye aliyemtaja. Baada ya siku nne alikuwa amemtafutia binamu nafasi kwa shangazi Kisauni, na wa dirishani, ambaye hakuombwa, akajitolea kuhamisha vitanda ili mwenye pumu akae mbali na feni. Wakaifuta na vumbi, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya tangu chumba kijengwe.

Njia hii haifai kwa kila kitu. Kama mmoja ana nguvu kubwa juu ya mwingine, kwa mfano mhadhiri anayekusahihisha tena muhula ujao, uliza kabla ya kukubali: akinilipiza, nifanye nini, na nani atajua? Ombudsmani akikwambia "hawezi kulipiza", hajafikiri vya kutosha.

Hatua ya tano: mkikalishwa meza moja

Salimia kwanza. Mhadhiri muite mwalimu au daktari kama ulivyozoea kumwita, hata kama leo roho haitaki. Heshima haikupunguzii hoja, na kumwita mtu kwa jina lake la kwanza ili kumkomoa ni kuipoteza nusu saa ya mwanzo.

Kisha sema wazi. Hapa watu wa Pwani tuna ugonjwa wetu: tunasema kwa mafumbo. "Wapo watu ukiwapa shubiri huiita asali." Kila mmoja mezani ajua ni nani anayesemwa, na hakuna anayejua anatakiwa afanye nini. Mafumbo yaache kwenye leso. Sema: tarehe fulani ulifanya hili, mimi ikanipata hili, naomba hili. Na ukishasema, nyamaza umpe nafasi, hata kimya kikiwa kizito.

Kama ulikosea, lianze wewe. Binti wetu wa maksi alikuwa na ujumbe wake wa WhatsApp. Kabla mhadhiri hajafungua kinywa alisema: "Mwalimu, niliandika maneno yasiyofaa kwenye grupu. Naomba radhi, na nimeomba radhi kulekule nilikoyaandika." Mhadhiri, aliyekuja na skrini ya simu yake tayari kuonyesha ushahidi, aliiweka simu kifudifudi mezani. Mkutano wote ulichukua dakika 25.

Hatua ya sita: yaandikwe, kwa tarehe

Makubaliano ya mdomo chuoni huisha muhula unapoisha. Andikeni mistari michache: nani atafanya nini, kabla ya siku gani. Ombudsmani wa aina ya pili huenda asiweke nakala, kwa hivyo wewe weka. Kama mwenzako hataki kutia sahihi, mtumie ujumbe wa shukrani jioni hiyohiyo: "Ahsante mwalimu kwa muda wako. Tulivyokubaliana, utaangalia vijitabu siku ya Alhamisi." Ni adabu, na pia ni kumbukumbu yenye tarehe.

Siku iliyotajwa ikipita kimya, ngoja siku moja ya kazi, kisha uliza. Si tatu, si saba.

Ikishindikana

Mlango wa ombudsmani haukufungii milango mingine, na kufika kwetu hakusimamishi saa za kanuni. Hilo la pili lishike sana. Ikiwa kanuni zinakupa siku 14 za kukata rufaa, siku hizo zinahesabika huku ukiendelea kuongea nasi. Peleka rufaa kwa maandishi, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha endelea na mazungumzo.

Kama tatizo ni kwamba hupewi nyaraka, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Unaandika ombi, unataja nyaraka unazotaka, na huhitaji kueleza unazitakia nini. Chuo kikinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayosimamia sheria hiyo pia. Tume hupokea malalamiko bila malipo, na unaweza kuwaandikia kwa Kiswahili. Watakuuliza kwanza ulipitia wapi ndani ya chuo, na ile karatasi yako moja, yenye tarehe na nakala zake, ndiyo jibu. Kwa chuo cha binafsi mkondo ni mwingine: anza na kanuni za chuo chenyewe, na linalohusu masomo na ubora wake lifikishe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kuna jambo la wale walio ndani ya ofisi hizi, nitalipitia mbio. Usiikubali ofisi iliyo mkabala na ya naibu chansela, hakuna atakayeingia. Benchi la kungojea lisielekee njia kuu. Na mwisho wa mwaka waandikie wakuu yale yanayojirudia, bila majina. Maksi zikipotea mara moja, ni bahati mbaya ya mtu. Zikipotea kila muhula katika ukumbi uleule, mwambie mkuu kwamba vijitabu vinakabidhiwa bila mtu kuvihesabu na kutia sahihi.

La mwisho: usilete kitu

Kijitabu cha nambari 41 kilipatikana Alhamisi. Kilikuwa ndani ya furushi la somo jingine, limefungwa kamba, chini ya meza katika chumba cha mitihani, kwa sababu msimamizi yule mrefu siku hiyo alisimamia mitihani miwili ukumbi mmoja. Maksi ziliingizwa Ijumaa, siku tatu kabla ya orodha kufungwa.

Jumanne binti akarudi na kilo ya halua, imefungwa vizuri kwenye kikapu chake cha ukili. Nilimwambia siwezi kuipokea. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana mamake, kwa maana kwetu kurudisha halua si jambo dogo. Nikamweleza: kesho mhadhiri yuleyule akija hapa na neno lake, na akajua nilikula halua yako, atakaa kitini kwangu vipi?

Akafikiri, akaifunga tena. Tukashuka hadi kwa muuza kahawa aliye nje ya lango, tukanywa vikombe viwili viwili, kila mtu akalipa vyake. Halua akaigawa kwa waliokuwa wamekaa pale, na mimi nikaangalia upande wa pili.